Shanga za Fundi wa Mkoa

Mkoa wetu ulipokuwa mpya, kila kitu mjini Babati kilipanda cheo. Kinyozi wa stendi alifuta bango lake la zamani akaandika "Kinyozi wa Mkoa". Bucha ya mtaa wa pili ikawa Bucha ya Mkoa, ingawa nzi walibaki wale wale wa wilaya. Katika wote hao, mtu mmoja tu alipewa cheo bila kukiomba, naye alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, mama mshonaji ambaye mpaka siku hiyo tulimwita Fundi tu. Kuanzia hapo akaitwa Fundi wa Mkoa. Jina lake sitalitaja. Wanaomfahamu watamtambua kwa kazi yake, na wasiomfahamu jina halitawasaidia.

Mimi nilikuwa na duka la vifaa vya ushonaji nyuma ya soko: nyuzi, zipu, lastiki, vifungo, sindano. Chumba chake kilipakana na duka langu, katikati ukuta wa mbao wenye nyufa. Kwa miaka mingi nilisikia kila alichowaambia wateja wake, na yeye alisikia kila nilichowadanganya wa kwangu.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na tabia iliyowaudhi wengi: hakuangalia watu usoni, aliangalia nguo zao. Ukimwamkia "Shikamoo", alijibu, "Marahaba, geuka." Ukigeuka anavuta mshono wa mgongoni kwa vidole viwili, anaguna, kisha anakutajia fundi aliyekushonea pamoja na dhambi zake. Siku moja nilimsikia akimwelekeza mgeni kwenye duka la mbegu. "Nenda moja kwa moja mpaka umkute mwenye kola iliyogeuzwa. Ukimwona mwenye mifuko isiyolingana, ujue umepita." Mgeni alifika bila kuuliza tena.

Yeye mwenyewe alivaa kama mtu aliyeibiwa. Blauzi yake ilifungwa kwa pini tatu, kwa sababu vifungo alikuwa ameving'oa Jumamosi moja kumkamilishia bibi harusi, na hakupata nafasi ya kuvirudisha. Nilimwambia, "Mama, mimi nina vifungo debe zima hapa, chukua." Akasema, "Vyako ni vyepesi, Mama Zuhura. Bora pini, angalau inajulikana ni pini."

Na ingawa hakuvumilia uongo kwenye nguo, kwenye tarehe alikuwa mwongo wa kutisha. Kesho yake ilikuwa na siku tisa. Watu walileta sare za shule mwezi wa kumi na mbili ili wazipate kabla mtoto hajafika kidato cha pili. Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja mara sita kufuata majoho, mara ya saba akakaa kwenye benchi akasema haondoki. Fundi akamletea chai, akamletea kiporo cha maharage, na jioni akampa joho moja kati ya kumi na mawili. "Hili limekwisha vizuri," akamwambia. "Waimbe kwa zamu."

Nalisema hili mapema ili msije mkadhani namsimulia malaika.

Basi mkoa ulipokwisha kupata ofisi, magari na mihuri, ikagundulika kwamba hauna historia. Yaani historia ilikuwapo, lakini ilionekana imebaki Arusha, mkoa wetu wa zamani, pamoja na mafaili. Na mgeni rasmi alikuwa anakuja. Ikaundwa kamati ya maandalizi, yenye wanaume sita wa suti na mwanamke mmoja wa kuandika mihutasari, na kamati ikaamua kwamba mbele ya mgeni rasmi yatafanyika maonyesho ya historia uwanjani: chifu na wazee wa kale, wanawake wa kale, wapagazi wa misafara, na askari wa Mjerumani. Wachezaji walipatikana haraka, walimu na vijana wa vikundi vya ngoma. Kilichokosekana ni nguo.

Mwenyekiti wa kamati alikuja mwenyewe, mtu wa makamo, mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilivaa tai.

"Mama," alisema, "tunahitaji mavazi ya kale. Lakini yawe mapya."

"Ya kale au mapya?"

"Ya kale, lakini mapya. Yang'ae."

"Watu wa zamani waling'aa?"

"Mbele ya mgeni rasmi watang'aa," akasema Mwenyekiti. Akampa wiki tano, na cheo.

Nilidhani Fundi atakataa. Badala yake aliyasukuma kando majoho ya kwaya yaliyobaki, akaja dukani kwangu kutafuta shanga.

Nilikuwa na shanga nyingi, za plastiki, na nilikuwa nikiziuza kama za kioo. Fundi aliomba kiberiti, akashika ushanga mmoja kwa koleo, akauchoma mbele ya wateja watatu. Ukajikunja kama funza, ukatoa moshi mweusi.

"Mama Zuhura," akasema kwa upole, "kioo chako kinanuka kama ndoo."

Wateja wakacheka, wawili wakaondoka. Kwa wiki nzima sikumsemesha. Lakini alikuja kila asubuhi kunisimulia amezitafuta wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma, na mwishowe nikajikuta nangojea habari.

Shanga za kioo alizipata mnadani. Alibeba cherehani yake ya mkono kwa baiskeli, akakaa nayo chini ya turubai karibu na wauza vitunguu, akatangaza kwamba anashona mikoba imara, malipo ni shanga za zamani. Wanawake wa Kibarbaig walimzunguka, wakaicheka cherehani, wakamcheka na yeye. Jioni alirudi na kopo la kahawa lililojaa, mikono imekakamaa, na uso wa mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa.

Nyaya za shaba za bangili za wanawake alizipata kwa fundi redio, ndani ya transfoma zilizoungua. Alizizungushia kwenye msumari wa inchi sita, duara juu ya duara, mpaka zikawa kama minyoo ya dhahabu. Kauri, zile simbi za baharini, alizipata kwa mama mzee wa mwenye duka la kanga, bibi aliyekuja Babati akiwa mwari kutoka pwani, na kopo la kauri chini ya kitanda ndilo lililobaki la huko alikotoka. Bibi huyo alikuwa tayari kuazimisha, ila kwa sharti.

"Usizitoboe, mwanangu. Zilikuja nzima na zitarudi nzima."

Fundi mwingine angeondoka. Huyu alifuma kijifuko cha uzi kwa kila kauri, wavu mdogo kama wa kuvulia sisimizi, akaitia kauri ndani, akaushona wavu kwenye nguo. Mwenyekiti alipopita kukagua na kukuta kazi ya siku nzima ni kauri kumi na moja, alishika kichwa.

"Mama, nani ataona huo wavu kutoka jukwaani?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa kauri haitaanguka na bibi wa watu hatalia. Nenda kakague viti."

Vita kubwa zaidi ilikuwa ya vifungo. Askari wa Mjerumani walihitaji vifungo vya shaba, na Fundi alivikuta kwenye makoti ya mitumba. Vilikuwa vizito, vya kweli, ila kila kimoja kilikuwa na nanga. Mwenyekiti alifurahi akasema vishonwe hivyo hivyo. Fundi alinunua tupa akaanza kuzikwangua zile nanga, moja baada ya moja, akipuliza vumbi.

"Mama, muda!"

"Mjerumani hakufika Babati kwa meli, Mwenyekiti."

"Watu hawajui hilo!"

"Basi wataambiwa na kifungo kwamba aliteremkia ziwani, katikati ya viboko?"

Mambo haya Mwenyekiti alikuwa akiyaandika kwenye daftari chini ya kichwa cha habari "Changamoto". Mwanamke wa mihutasari alinionyesha. Changamoto ya kwanza ilikuwa Fundi. Ya pili ilikuwa mvua.

Kilichobaki kilikuwa nguo ya mwanamke wa kale, na hapo Fundi alikiri kwamba hajui. Alikuwa amesikia tu habari za sketi za ngozi zilizoshonewa shanga, ambazo wasichana walizishona wenyewe zamani. Wanakamati walimpa picha iliyotolewa kwenye kalenda. Aliitazama, akasema aliyevaa kwenye picha ana jino la dhahabu na saa ya mkononi. Akanitaka tufuatane Dareda, ambako muumini mwenzake wa kanisani alimwambia kuna bibi aliyeihifadhi ya kwake.

Tulimkuta bibi anapukuchua mahindi. Alitusikiliza, akamaliza gunzi alilokuwa nalo, akaingia ndani akatoka na sketi imefungwa kwenye kanga. Ngozi ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, laini kama sikio la mbuzi. Shanga zilikwenda kwa mistari na duara, nyeupe, nyeusi, njano, bluu, na upande wa kushoto, kuanzia kiunoni mpaka chini, nyekundu tupu.

Fundi ambaye hakuwahi kukosa neno juu ya mshono wa mtu alikaa chini, udongoni, akaigeuza sketi ndani nje, akafuata nyuzi kwa ukucha. Alikaa hivyo mpaka maji ya chai yakachemka.

"Umeshona wewe, Bibi?"

"Mimi. Nikiwa msichana bado."

"Na hizi nyekundu, upande huu peke yake, zina maana gani?"

Bibi alimtazama. "Nyekundu ni nyekundu," akasema. "Nyeupe ziliisha."

Fundi alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, na bibi naye akacheka, bila jino. Nadhani walielewana hapo. Bibi alimwazima sketi akashone mfano wake. Hakuandikiwa karatasi. Alimwambia Fundi tu, "Wewe ndiye umechukua. Wewe ndiye nitakuuliza."

Sasa tulirudi mjini na Mwenyekiti akataka maelezo ya kusomwa kwenye kipaza sauti wakati wanawake wa kale wanaingia uwanjani. Alisimama mlangoni kwa Fundi na kalamu mkononi. Nilikuwa nasikia kila neno kupitia nyufa.

"Rangi nyekundu inaashiria nini?"

"Kwamba nyeupe ziliisha."

"Mama, hilo siwezi kumsomea mgeni rasmi."

"Ndivyo alivyosema mwenyewe."

"Mwenyewe ni mzee, amesahau. Lazima kuna maana. Kila kitu cha asili kina maana."

"Maana yake msichana alikuwa na shanga chache na mama yake hakwenda mnadani."

"Mama, nakuomba. Nipe kitu."

Fundi alikuwa na sindano mdomoni, na wiki mbili za usingizi zilikuwa zimempita. Alisema, "Basi andika nyekundu ni damu ya mashujaa, uniache nishone."

Nikasikia kalamu inaandika. Mwenyekiti akamshukuru kwa dhati, akaondoka anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Siku hiyo hiyo Fundi alianza kujuta. Alimfuata asubuhi yake, akamwambia lile neno alilitupa tu, halina ukweli. Mwenyekiti akamjibu kwamba karatasi imekwisha kupigwa chapa na kupelekwa juu. "Ikishafika juu, Mama, haiwezi kuwa uongo."

Wiki ya mwisho, kwa kuona kazi inasuasua, kamati ilileta mtaalamu wa mapambo kutoka mjini Arusha, kijana mtanashati aliyezoea kupamba kumbi za harusi. Alikuja na masanduku mawili ya vimetameta, matamvua ya pazia ya rangi ya dhahabu, na kifaa kama bastola kinachochomekwa kwenye umeme na kutema gundi ya moto. Joho la chifu, ambalo Fundi alikuwa amelifikisha nusu, kijana alilimaliza ndani ya saa moja na nusu, huku akipokea simu.

"Mama, dunia imebadilika," alimwambia Fundi, si kwa dharau. "Siku hizi hakuna wa kushona ushanga mmoja mmoja."

"Gundi ni ahadi, baba. Uzi ni kiapo," Fundi akasema.

"Ahadi inatosha kwa nusu saa. Mgeni rasmi anakaa nusu saa."

Hesabu yake ilikuwa sawa. Kilichosahauliwa ni jua.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Wachezaji walipangwa uwanjani tangu saa mbili. Saa nne ikatangazwa kwamba msafara uko njiani. Saa tano ikatangazwa kwamba msafara bado uko njiani. Kufikia saa sita joho la chifu lilianza kulia. Kimetameta kimoja kilishuka begani, kikafuata cha pili, halafu matamvua ya dhahabu yakateleza taratibu mpaka kwenye goti. Chifu, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati, aliamriwa asisogee. Alisimama kama nguzo, jasho linamtiririka, na vimetameta vikamzunguka miguuni kama magamba ya perege. Mwenyekiti alijipitisha nyuma yake akijifanya anasalimia, akawa anayabandika matamvua kwa mate.

Nguo za Fundi hazikudondosha hata ushanga mmoja. Wapagazi walikimbia, wanawake wa kale waliruka, askari wa Mjerumani mmoja alizirai kwa njaa akaburutwa na vifungo vyake vyote. Nilikuwa nimekaa naye kwenye nyasi. Hakutazama ngoma. Alikuwa akitazama mishono, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali.

Mgeni rasmi alifika saa nane kasoro, akakaa dakika kumi na mbili. Kipaza sauti kilinguruma kwamba rangi nyekundu ni damu ya mashujaa wetu, watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huzuni. Fundi aliinamisha uso. Kisha mgeni akaomba kupiga picha na yule anayeng'aa, yaani chifu na alichobakiwa nacho. Mtaalamu wa mapambo akapewa cheti. Fundi akapewa shukrani za pamoja, yeye na waliochimba vyoo.

Hilo halikumuuma. Kilichomuuma kilikuja baadaye, alipokwenda kuchukua ile sketi ya Dareda. Kamati ilikuwa imeiomba siku ile ikae kwenye meza ya maonyesho. Sasa meza ilikuwapo, sketi haikuwapo.

"Imehifadhiwa," Mwenyekiti alimwambia.

"Wapi?"

"Mahali salama. Kuna mchakato."

Mchakato ulichukua miezi. Fundi alikwenda ofisini kila Jumatatu, akiwa amevaa zile pini zake tatu, akakaa kwenye benchi. Aliambiwa aandike barua, akaandika. Aliambiwa barua imepotea, akaandika nyingine. Aliambiwa aliyeshika ufunguo yuko semina. Nilimwona anakonda. Aliacha kuwaangalia watu mishono; ukimwamkia alijibu "Marahaba" tupu, ukawa unapita umevaa matambara na hakusemi. Kule Dareda alikwenda mara mbili kumweleza bibi. Mara ya pili bibi hakumjibu kitu, alimpa kiti tu.

"Angenitukana," Fundi aliniambia. "Mama Zuhura, angenitukana ningelala."

Aliyetusaidia ni mwanamke wa mihutasari. Alikuja kununua zipu, akasema bila kuniangalia kwamba kwenye ukumbi wa mapokezi wa ofisi moja kuna kitu kimetundikwa ukutani, huenda jirani yangu angependa kukiona. Nilifunga duka, tukaenda wote wawili.

Ilikuwa pale, juu ya kochi la wageni, imebanwa kwenye ubao. Lakini ilikuwa imeboreshwa. Kuzunguka pindo lote mtaalamu alikuwa ameigandishia matamvua ya pazia, na kwenye mistari ya shanga, kati ya nyeupe na nyeusi, alikuwa amejaza vimetameta. Chini yake kibao: "Urithi Wetu. Nyekundu: Damu ya Mashujaa."

Fundi alivua viatu, akapanda juu ya kochi, akaanza kung'oa misumari kwa mkasi. Wageni waliokuwa wamekaa walimpisha. Mwenyekiti alitoka chumbani mbio.

"Mama! Shuka! Hiyo ni mali ya mkoa!"

"Mkoa una umri gani?" Fundi aliuliza bila kugeuka.

Mwenyekiti alisogea karibu na kochi.

"Sketi hii inaweza kuwa bibi yake. Shika huo ubao usiniangukie."

Na Mwenyekiti, Mungu amweke, akaushika ubao. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda kwa sababu alizoea kutii anayeongea kwa uhakika. Labda alikuwa na bibi yake mahali. Fundi aliikunja sketi, akaifunga kwenye kanga yangu niliyoivua mabegani, tukatoka. Hakuna aliyetufuata. Barua ya kumwita kujieleza ilikuja wiki iliyofuata, imeandikwa tarehe ya mwaka uliopita kwa makosa, kwa hiyo akaona tayari amechelewa.

Kuitoa ile gundi kulimchukua msimu mzima wa mahindi. Hakutumia kisu. Alipaka mafuta ya uvuguvugu, akangoja, akasugua kwa kucha, akapaka tena. Safari hii hakumwambia mtu yeyote "kesho". Wateja walikuja akawaambia ukweli: "Sijui." Wengi hawakurudi. Mahali pengine gundi ilitoka na ushanga, na pale kwenye upande mwekundu shanga kadhaa zilivunjika kabisa. Nilimwambia kwenye kopo lake la mnadani bado kuna nyekundu. Akasema hapana, akizijaza nyekundu itaonekana hakuna kilichotokea. Akaweka nyeupe, ili bibi aone mahali alipokosewa.

Tuliirudisha pamoja. Bibi aliikunjua magotini, akapitisha kidole polepole upande wa kushoto, akafika kwenye zile nyeupe akasimama.

"Hizi umetoa wapi?"

"Mnadani, Bibi. Ndipo palipoharibika. Nisamehe."

Bibi akazisugua kwa kidole gumba, moja moja. "Nilizitafuta sana," akasema. "Za saizi hii. Nilizitafuta mpaka nikaolewa."

Kurudi mjini Fundi alikaa dirishani kwenye basi. Tuliposhuka stendi, kondakta alitupa mkono kutusaidia, na Fundi akamwambia, "Wewe, kwapa la shati lako limefumuka, njoo kesho." Nikajua amepona. Kondakta, maskini, alikwenda kweli kesho yake.

Lile neno la damu ya mashujaa hakufanikiwa kulifuta. Alijaribu. Alikwenda shule mbili kuwaeleza walimu, na mmoja akamwonyesha kwenye daftari la somo kwamba jibu sahihi ni damu, na atakayeandika kingine atakosa. Alimwandikia mrithi wa Mwenyekiti, kwa maana Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, nadhani ambao nao ulihitaji historia. Hakujibiwa. "Nimeshona nguo maisha yangu yote," aliniambia, "na kitu kimoja nilichokitupa tu ndicho kisichofumuka."

Miaka ikapita. Macho yake yalianza kumsumbua, akauza cherehani, akarudi kukaa Nakwa kwa mwanawe, kwenye shamba la maharage. Chumba chake kilichukuliwa na mtu wa kuuza simu. Na mimi nilibadilika, sina haja ya kuficha. Watu waliacha kushona. Nyuzi zikakaa mpaka zikapauka. Nikaanza kuleta nguo zilizo tayari, na kilichotoka zaidi ni mavazi ya asili ya wanafunzi, kwa sababu siku hizi kila shule ina siku ya utamaduni. Ni kitambaa chepesi kilichochapwa picha ya shanga. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu pia, kama huna haja ya kujua.

Mwaka jana, Alhamisi moja kabla ya adhuhuri, bajaji ilisimama nje akateremka mke wa mwana wa Fundi, akamshika Fundi mkono, wakaingia. Alikuwa amepungua, na macho yake yalikuwa na ukungu. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti. Akaitambua, akacheka, akanishika mabega yote mawili.

"Marahaba, mwanangu. Bado upo na kioo chako cha ndoo?"

Nikampa kiti. Mkwewe akasema wamekuja kumtafutia mjukuu nguo ya ngoma ya shule, inatakiwa Ijumaa. Alizipitia zilizotundikwa, akachagua moja, akaipenda kweli.

"Mama, hii nzuri. Ina shanga nyekundu na nyeupe, imejaa mpaka chini."

"Hebu," Fundi akasema, akanyoosha mikono.

Mkwewe akamwekea magotini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta na nilitamani atokee mteja, yeyote, wa kuniulizia hata sindano. Fundi alipitisha kiganja kutoka kiunoni kwenda chini. Akakirudisha juu. Akapitisha tena, sasa kwa ncha za vidole, polepole.

"Umeshonea uzi gani?" aliuliza.

Nilijua anajua. Ningeweza kutaja uzi wowote. Nimeuza nyuzi maisha yangu yote.

"Hazijashonwa, Mama," nikasema. "Zimechapwa. Ni picha."

Mkono wake haukuondoka. Mkwewe alinitazama, akatazama chini. Nje mwenye bajaji alipiga honi mara moja, akaacha.

"Mistari imenyooka?" Fundi akauliza.

"Imenyooka."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wa jirani aliyefaulu.

"Mimi haikuwahi kuninyookea hivyo," akasema. "Mfungie mtoto."